Kahawa ya Kiganja Kitupu

Dar es Salaam, 4 Machi 2024

Mama, shikamoo. Unaendeleaje, na mguu? Mimi mzima.

Umeuliza ni kazi gani hii isiyo na jembe. Ninaitenga protini ya yule mdudu anayenyausha migomba yetu, ili kipatikane kipimo cha kuugundua ugonjwa mapema. Tunatumia aptama, nyuzi fupi za vinasaba zinazojikunja na kushika protini moja tu. Tunazibandika kwenye shanga ndogo, tunamwaga mchanganyiko. Protini yetu inanata, takataka zinaoshwa, kisha maji ya chumvi yanaiachisha. Ila nyuzi hizi ni dhaifu, kidole kitupu kinaziua.

Mwanao, Vero

Ihembe, 20 Machi 2024

Marahaba mwanangu. Mguu unapona, ila mnyauko umemaliza migomba ya juu. Fanyeni haraka.

Nimempa kondakta wa basi kahawa ya kutafuna, nimeichemsha mwenyewe. Mpe mkuu wako kwanza, kwa kiganja kitupu. Kumpa mtu kahawa kwa mkono uliofunikwa ni kumtukana, unajua.

Mama yako

Dar es Salaam, 9 Aprili 2024

Mama,

Nyuzi zote zimekufa, kazi ya mwaka mzima. Nilivua glavu nikampa mkuu kahawa yako, na leo ameniondoa kwenye mradi. Umaskini wako haukutosha, ukanitumia na ujinga. Wenzangu nimewaambia aliyeituma ni mfanyakazi wetu wa zamani. Usiniandikie tena ukijiita mama yangu.

Vero

Dar es Salaam, 11 Novemba 2024

Mama, shikamoo. Habari za siku nyingi? Mguu je?

Nimerudishwa kazini. Kumbe kahawa haikuhusika. Mwenzangu Winston alitumia maji machafu. Yaliyopita si ndwele. Kipimo kinakaribia, na mkuu anaiulizia kahawa ile, tuma nyingi. Krismasi nakuja.

Mwanao, Vero

Ihembe, 30 Novemba 2024

Veronika,

Barua imefika. Kipimo chenu kitakuta kibanja kitupu, migomba imekwisha. Mibuni aliyoipanda marehemu mume wangu Ndyamukama niliing'oa siku nilipoisoma ile barua yako ya Aprili, nikaipikia. Nililia mpaka kuni zikaisha.

Krismasi njoo, mgeni hafukuzwi. Kahawa nitanunua dukani kwa Othman, na nitaufunga mkono kitambaa kabla ya kukupa.

Sperancia, mfanyakazi wenu wa zamani