Kuni Zimekatwa

Nzuguni, Ugogo
Machi 14, 1912

Mpendwa dada Yudith,

Shikamoo. Natumaini Morogoro haijakutia homa, na shemeji bado anacheka kwa pua. Sisi tunapumua. Mtama umetoka vizuri. Ndege wameshapata habari.

Mama ndiye anayenitia mashaka. Tangu tuletewe habari ya kifo cha mdogo wetu Sila huko relini, hajawasha moto jikoni mwake. Anakula kwa jirani, tena kidogo. Sababu unaijua: Sila alipoondoka kwa ubishi, Mama aligeuza uso asimpe baraka.

Mimi bado namsaidia mchungaji Mdachi kutia Maandiko katika Kigogo. Yeye ana vitabu, mimi nina ulimi, chai tunagawana. Juzi tulikwama penye “naye atasamehewa.” Kiebrania hakimtaji anayesamehe, na Kidachi nacho kimenyamaza. Mchungaji akahofu watu watauliza, “Na nani?” Akataka kuandika Mungu waziwazi. Nikamwomba kwanza tumsomee mwenye kidonda.

Mama alisikiliza, akauliza, “Hatajwi?”

“Hatajwi, Mama. Wazee wa Kiebrania waliona haya kulitajataja jina lake.”

“Hata aliyemnyima mwanawe baraka atasamehewa?”

“Kitabu hakikumtoa.”

“Basi ni kama baba mkwe wangu. Mwambie Mdachi wako aache hivyo hivyo.”

Dada, nilimkumbuka babu Matonya. Mama, kama mke yeyote wa kwetu, hakulitamka jina la baba mkwe wake hata siku moja. Unaukumbuka ule mwaka wa njaa, Mama alipougua? Mwanamume kukata kuni za jikoni ni kichekesho, kwa hiyo babu alizikata kabla ya jogoo, kisha akaenda kukaa zizini na uso wa mtu asiyejua shoka ni kitu gani. Mama akitoka alisema tu, “Kuni zimekatwa,” nasi tukajiuma midomo. Moshi wa asubuhi zile, uliochanganyika na harufu ya ng'ombe, mpaka leo naufuata kwa pua nisiuone.

Mchungaji amekubali, neno limebaki lilivyo.

Leo Mama kafungua mlango wa tembe, kaukuta mzigo kizingitini. Akanitazama. Mimi nilikuwa zizini, nakagua kwato za ndama kwa bidii kubwa.

“Kuni zimekatwa,” akasema. Kisha akainama, akawasha moto.

Msalimie shemeji Methusela, na umbusu Loisi mdogo kwa niaba ya bibi yake. Mlindwe nyote, mbarikiwe. Na nani, unajua.

Mdogo wako akupendaye,
Yotham