Mkono Dirishani

Jumatatu, 7 Julai
Uji wa baridi tena. Mgonjwa haulizwi uji, anasema mke wangu Konsolata. Ningeulizwa ningekataa. Kila funda linapita kama wembe, halafu nakohoa utando wa kijivu kwenye kopo. Unanuka panya mfu. Ni saratani yenyewe, imekufa, inabanduka. Kule India walinichoma dawa mshipani, wakashusha kooni mrija wenye mwanga mwekundu, wakaiunguza ingali changa. Dawa bado imo mwilini. Mpaka siku thelathini zitimie, jua likinigusa nami nitaungua, ndiyo maana pazia halifunguliwi. Zimebaki ishirini na moja. Naichukia harufu yangu mwenyewe.

Alhamisi, 10 Julai
Dada yangu Spesioza analeta watu kunitazama. Leo saba. Wananimulika kwa tochi za simu, wanaziba pua kwa kanga, kisha "pole sana". Spesioza mwenyewe anaziba. Nusu ya kijiji chetu cha Heru Juu inasema nimefanywa msukule. Washenzi. Uwanjani wanapiga maharage yangu, mimi nasikiliza fimbo tu.

Jumapili, 13 Julai
Spesioza kaja na kikundi chake cha maombi. Konsolata alikuwa kisimani. Wawili wakanishika mikono waniombee. "Mdogo wangu, giza ni la shetani!" Akalivuta pazia. Jua la saa saba, usoni. Nilipiga kelele, wakadhani pepo anatoka, wakazidi kunishika.

Jioni hii macho yamevimba, naandika kwa kubahatisha. Simtaki tena ndani ya nyumba hii.

Jumatano, 16 Julai
Malengelenge yamepasuka. Majimaji ya njano kwenye mto, nzi juu yake. Nimejiangalia kwenye kioo, nikatapika uji.

Jumamosi, 19 Julai
Konsolata anasema Spesioza anashinda nje chini ya dirisha langu, anachambua maharage yetu na kufukuza wageni. Akae hukohuko.

Jumatatu, 28 Julai
Siku ya thelathini. Maagizo ya daktari: toboa mfuko wa karatasi, uvae mkononi, pale penye tundu tu papate jua dakika kumi. Kesho ngozi ikivimba, narudi gizani wiki mbili.

Nikaupitisha mkono kando ya pazia. Spesioza alikuwa palepale na ungo wake. Konsolata alikuwa amempa simu aangalie saa.

Dakika kumi zilipotimia, akaufunika mkono kwa kanga yake. Ileile ya kuzibia pua. Sikuuvuta.