Nitunzie Kopo Langu

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na kikohozi kimekuachia. Mimi mzima, ni baridi tu inanitafuna. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husemi kitu. "Nzuri. Haya. Kwaheri." Umeshakata. Barua angalau haikatiki.

Nina ombi. Unakumbuka likizo yangu ya mwisho, nilipanda kile kilima cha nyuma ya machimbo, ukaniuliza nimepoteza nini huko? Nilikwenda kuficha kopo. Usicheke. Huku ughaibuni kuna mchezo. Mtu anaficha kopo, ndani anaweka kidaftari na penseli, halafu anatangaza mtandaoni liko pande zipi. Wengine wanafuata ramani ya simu, wanalisaka, wakilipata wanasaini na kulirudisha palepale. Jumapili sina mtu wa kumtembelea, ndiyo maana nimeuzoea. Langu nimelibana chini ya lile tangi bovu la maji. Kila anayelipata, mimi huku naletewa ujumbe. Nikiusoma najiona kama nimefika nyumbani.

Sasa wasimamizi wa mchezo hawapendi mtu afiche kopo mbali na anapoishi kisha alitelekeze. Lazima awepo mtu wa karibu wa kuliangalia. Nilikuandikisha wewe bila kukuuliza. Juzi kuna mtu kalalamika, mfuniko umepasuka na karatasi zimelowa. Baba, nitunzie kopo langu.

Mwanao,
Chiriku


22 Februari

Chiriku,

Salamu zimefika. Mgongo upo, haujaenda popote. Kikohozi kimeisha.

Nimepanda Jumapili. Kopo nimeliona. Uliliweka vibaya, maji ya tangi yanalidondokea. Daftari nimelianika juani. Mfuniko nimepata mwingine kwa fundi baiskeli, huyu jirani wa chumba cha pili. Akauliza wa nini. Nikamwambia hayamhusu.

Kopo nimelitunza. Lipo kabatini, chini ya mashuka ya marehemu mama yako. Nimefunga na ufunguo ninao mfukoni. Hakuna wa kuligusa.

Wenzangu wa kupakia kokoto wananiita mzee wa kilimani. Wana midomo.

Baba yako


15 Machi

Baba,

Shikamoo tena, na pole na kazi. Mimi sijambo. Barua yako niliisoma kazini, nikacheka mpaka msimamizi wa zamu akaja kuangalia kama nalia. Kidogo nilikuwa nalia pia.

Baba! Kabatini? Watu wamepanda kilima chote hicho, wamelizunguka tangi, wamepiga magoti kwenye matope, wakaandika "hakuna kitu". Najua ni neno langu limekupoteza. Niliposema nitunzie sikutaka uliweke ndani. Huku kwetu kwenye mchezo, kulitunza ni kuliacha hukohuko nje na kwenda kulitazama mara kwa mara. Liwe kavu, lifungwe vizuri, karatasi zikijaa unaweka nyingine. Tafadhali lirudishe. Lisipoonekana wasimamizi watalifuta, na mimi sina kitu kingine huko ambacho watu wanakitembelea.

Nimehamia chumba kingine. Dirisha linatazama ukuta. Si pabaya, ukuta wenyewe ni msafi.

Mwanao,
Chiriku


9 Aprili

Chiriku,

Mimi mzima. Wewe kula.

Kopo limerudi. Lipo palepale, ila nimeliinua juu ya jiwe lisipate maji.

Neno lako si zuri. Kitu cha kutunza kinawekwa ndani. Cha kuacha nje na kukitazama kwa mbali sijui kinaitwaje. Labda mtoto.

Nimeweka na biskuti. Unaita watu wapande kilima kile halafu huwapi hata cha kutafuna. Mama yako asingekubali.

Jumapili walikuja wawili, mtu na mkewe, simu mkononi. Wanazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikawaonea huruma. Nikawaambia, "Lipo hapo, chini ya tangi." Mwanamke akanitazama vibaya. Akasema, "Mzee, umetuharibia!" Nimeharibu nini? Mtu anatafuta kitu, unajua kilipo, unanyamaza? Huo mchezo gani?

Lakini walikaa. Biskuti walikula. Wakauliza mwenye kopo nani. Nikasema binti yangu. Wakauliza anaishi wapi. Nikawaonyesha kwa mkono, kule, nyuma ya mawingu. Sikujua nionyeshe wapi.

Baba yako


1 Mei

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje na hali ya hewa huko? Mimi mzima, na nakula, usijali.

Kwanza biskuti. Chakula hakiwekwi. Panya watalitoboa, siafu watalihamia. Pili, usiwaonyeshe watu! Wao wamekuja kutafuta. Ukiwaonyesha ni kama umemtafunia mtu nyama halafu ukampa ameze. Mmoja ameandika: "Kopo safi, limetunzwa, ila kuna mzee amekaa kwenye jiwe anakuonyesha kabla hujainama." Sikujua nijifiche wapi. Halafu chini yake mwingine kaandika: "Mimi nilimpata mzee, kopo nikalisahau." Hiyo nimeisoma mara nyingi.

Kuna jingine. Desemba sitakuja. Wamebadilisha zamu, na mgeni kama mimi ndiye wa mwisho kupangiwa likizo. Najua nilisema hivihivi mwaka jana na mwaka juzi. Usiinunie barua, ninunie mimi.

Mwanao,
Chiriku


14 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini uko salama, maana hujaniandikia tangu niliposema sitakuja. Nilipiga simu, ukasema, "Nzuri. Haya. Kwaheri." Nimeshindwa kujua kama hiyo ndiyo hasira au ndiyo wewe.

Watu wanaendelea kulipata kopo. Lakini hakuna tena anayeandika habari za mzee. Nikafurahi, nikasema baba amesikia. Kisha nikaanza kupata wasiwasi. Upo? Unapanda bado?

Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao,
Chiriku


2 Agosti

Chiriku,

Mzima.

Napanda. Kopo liko sawa. Ulisema nisionyeshe watu, sionyeshi. Najificha.

Baba yako


20 Septemba

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, maana hali yako nimeisikia kwa watu.

Kuna msichana amekwenda kulisaka kopo. Amelikuta limejaa maji, mfuniko uko pembeni, daftari limekuwa uji. Akashuka hadi machimboni kumuulizia yule mzee wanayemwandika. Wakamwambia mzee aliteleza akishuka kwenye lori, mwezi wa sita huko, anatembelea gongo, hata dukani anaenda kwa shida. Nimeyasoma hayo kwenye simu nikiwa nasubiri lifti. Mtu nisiyemjua ndiye ananiambia baba yangu ameumia!

Kwa nini ulisema unapanda? Mchezo huu hauna aibu, baba. Asiyeweza kuliangalia kopo anasema hawezi, basi. Ningekuelewa.

Nimewaandikia wasimamizi. Nimeomba lifutwe. Sina haki ya kuwaita watu waje kwenye kopo ambalo halina wa kuliangalia. Imebaki kuliondoa. Kopo likifutwa haliachwi porini, linakuwa takataka, na aliyeficha ndiye anayewajibika kuliondoa. Mwombe fundi baiskeli apande alichukue. Alitupe tu.

Na mguu, umekwenda hospitali? Umefungwa plasta? Nani anakupikia? Niambie ukweli mara hii.

Mwanao,
Chiriku


17 Oktoba

Chiriku,

Barua nimepata. Shikamoo zako nimepokea.

Mguu ulivunjika. Hospitali nilienda. Plasta imeshatolewa, umepona vibaya. Napika mwenyewe, nimekaa kwenye ndoo. Fundi baiskeli ananiletea maji. Anaongea sana lakini maji analeta.

Sikukwambia kwa sababu najua ungefanya nini. Ungesema pole. Pole ninazo nyingi hapa.

Kulifuta ni sawa, ni lako. Kulisaka sisaki, kuliangalia siwezi tena. Hapo sina ubishi.

Ila kuliondoa hapana. Nilimsomea fundi baiskeli barua yako. Kesho yake akaja amevaa mabuti, kashika mfuko. Nikamwambia avue mabuti. Akasema, "Mzee, binti ameomba." Nikamwambia binti ameandika mwenyewe, aliyeficha ndiye wa kuliondoa. Sheria si yangu. Ni yenu.

Basi njoo uliondoe. Kilima hakijahama.

Baba yako


28 Desemba

Chiriku,

Salamu. Sijui uko mzima, natumaini.

Barua haijaja. Labda ni posta, sikukuu hizi hawafanyi kazi. Simu imeingia maji, usipige.

Mvua ni kubwa. Machimbo yamefungwa, hakuna lori, kumekuwa kimya. Jumapili walipita vijana watatu na simu zao, wanaelekea kilimani. Nikawaambia kutoka hapa mlangoni, "Limefutwa hilo, msijichoshe." Wakasema wanajua, wanataka tu kuona mahali lilipokuwa. Nikawauliza kuna nini cha kuona. Wakapanda. Waliporudi wameloa, nikawauliza bado lipo? Wakasema lipo, limelala ubavu.

Fundi baiskeli amenijia tena. Anasema ni uchafu ule, watoto watakatwa na mfuniko, yeye dakika chache tu anapanda na kushuka. Nikamwambia aliache, mwenyewe yuko njiani.

Akasema, "Amekwambia?"

Nikamwambia ndiyo.

Hana siri yule. Jioni mama wa dukani ananiuliza unakuja lini. Mwenye nyumba ananiuliza utalala wapi. Wenzangu wa kokoto nao. Nawaambia anapanga, kazi za kule zina mambo mengi.

Usipojibu nitaendelea kuwaambia hivyohivyo.

Baba yako