Kiti Namba Saba

Jumatatu, 8 Septemba

Leo wamezibeba kompyuta zetu. Kumi na moja, kwenye toroli, zimelazwa ubavu kama wagonjwa. Badala yake kuna kijisanduku kadiri ya boksi la sabuni nyuma ya kila skrini. Fundi aliyetumwa ni dada mmoja mwenye nyaya shingoni. Hata hajamaliza kusalimu, Redio — mwenzangu wa dirisha la kwanza, mdomo hauna swichi — ameshampa jina: Mama Waya.

Ametueleza. Kompyuta zote sasa zinaishi ndani ya mtambo mmoja huko makao makuu. Tunachokiona sisi ni picha tu. Kaa kiti chochote, andika jina lako na paswedi, meza yako inakufuata.

"Kumbe tumekuwa mashetani," Redio akasema. "Tunapanda kiti chochote!"

Ofisi nzima kicheko. Mkuu wa ofisi naye akacheka. Mimi nilikuwa nawaza herufi zake.

Macho ya Mkuu yanaisha. Mwaka wa tatu huu. Kwenye ile kompyuta yake ya zamani nilikuwa nazikuza herufi, kidogo kidogo, mpaka neno moja likawa linajaza skrini nzima. Tunaojua ni yeye, mimi, na Aliyetuumba. Imebaki miezi minane astaafu. Wakijua watamtoa kesho, na kwa aibu. Na huyu ndiye aliyenikuta na ufagio mkononi, darasa la saba tu, akanikalisha mbele ya taipureta akasema, "Anza na jina lako."

Tumesaini karatasi: paswedi haipewi mtu. Nami nimesaini.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeingia chumbani kwake mapema, nimezikuza herufi. Zimekubali! Alhamdulillah. Siku nzima moyo mweupe.

Jumatano, 10 Septemba

Zimerudi. Ndogo kama ufuta!

Nikamwendea Mama Waya, nikajisingizia mimi. "Mwanangu, macho yangu haya ya utu uzima..." Akacheka vizuri tu. Kumbe ukishafunga, mtambo unafuta kila ulichobadilisha. Asubuhi kila meza inarudi kama ilivyozaliwa. Ukitaka herufi kubwa za kudumu, jaza fomu, cheti cha daktari wa macho, Mkuu wa ofisi asaini.

Mkuu wa ofisi asaini! Nilitaka kucheka nikashindwa.

Nilipomwambia Mkuu, alinivutia kiti karibu na skrini yake. Kisha: "Nisomee hapa. Nikiamua, nenda kitini kwako ukaingie kwa jina langu; wakikukuta kwenye kiti changu watauliza." Akaninong'oneza paswedi yake kama anayekabidhi amana. Ni jina la marehemu mama yake.

Ofisi yetu ni ya vyeti. Anayezaliwa na anayekufa wote wanapita hapa. Kila jalada lazima Mkuu alikubali. Nimemsomea tisa. Yeye anakumbuka kila kifungu cha sheria, mimi kidole tu. Lakini kidole kimesaini Jumatatu. Astaghfirullah.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya tatu ya kidole changu. Redio kaniuliza kwa nini naingia na kutoka kwa Mkuu kama kungwi kwa mwali. Nikamwambia apunguze sauti. Nimeswali, nimeomba tusikamatwe. Baadaye nikajiuliza: ombi gani hilo?

Jumatatu, 15 Septemba

Nimechelewa leo. Mama yangu kaamka na kizunguzungu, mpaka nimtulize, nikafika saa tatu kasoro. Mkuu, Mungu ampe heri, alishaniandikia kwenye daftari la mahudhurio: saa moja na nusu. Jina langu analiandika hata gizani. "Usiwe na wasiwasi, karani wangu," akaniambia. "Jalada moja nimeshalimaliza mwenyewe."

Sikuuliza alilimaliza vipi. Niliona ni mzaha.

Jumanne, 16 Septemba



Mama mmoja alikuja dirishani, mshonaji, nguo yake ina nyuzi bado. Kafuata cheti cha kifo cha dada yake. Redio akatafuta, akatafuta, akasema: "Mama, hapa aliyekufa ni wewe."

Watu wakacheka. Yule mama hakucheka. Aliuliza taratibu: "Na ndugu yangu niliyemzika, huyo yu hai?"

Kicheko kikakatika.

Majina yao yamefuatana, mstari juu ya mstari. Aliyekubali jalada ni Mkuu. Jana, saa moja na dakika hamsini.

Nikafunga mlango wa chumba chake. Kasema hata kabla sijauliza: "Nilikaa kwako. Pale dirishani kuna mwanga. Mistari ilikuwa kama siafu." Akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Jumatano, 17 Septemba

Mama Waya ametoa orodha. Mtambo unaandika kila kitu: jina, saa, kiti. Jina la Mkuu, kiti namba saba. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumatatu. Kiti namba saba ni changu.

"Na daftari linasema Jumatatu ulikuwepo," akaniambia kwa huruma. Huruma yake ndiyo iliyoniumiza. "Mama, kama kuna aliyekutuma, sema. Kesho mkaguzi anakuja."

Redio hajatania tangu asubuhi. Kaniletea chai, kaiweka, kaondoka.

Mume wangu anasema nitoe ukweli, watoto bado wananitegemea. Ukweli upi? Ule wa siku tatu ni wangu. Uongo siutamki, nimeahidi juu ya mswala. Lakini ule wa siku ya nne, si ni wake yeye kuutoa?

Alhamisi, 18 Septemba

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha mkutano. Wameniambia nisubiri.

Mkaguzi aliniuliza: siku tatu zile ni wewe? Ndiyo, ni mimi. Na Jumatatu ulikuwa kitini? Sikuwa. Nani alikuwa? Nikainama. Nilimsikia Mkuu, aliyekaa ng'ambo ya meza, akivuta pumzi, basi. Hakusema! Miaka yote ile — hakusema. Nilimkasirikia, nikiri.

Mkaguzi akampa orodha. "Mkuu, tusomee mstari wa nne, halafu usaini kwamba karani huyu alitumia jina lako bila idhini."

Akaishika. Akaisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali. Mama Waya alikuwa anamwangalia, nikaona anaanza kuelewa. Kalamu iko mbele yake. Angeweza kusaini tu. Kusaini hakuhitaji macho.

Akaiweka kalamu chini. "Karani wangu," akasema, "nisomee."

Akaninyooshea karatasi. Si mimi. Alikinyooshea kiti kitupu cha pembeni yangu.

 Mkaguzi akasema nitoke kwanza. Tangu hapo nasikia sauti ya Mkuu tu humo ndani, haipandi, haishuki, kama anayesoma. Redio na wenzake wamejipanga koridoni, wanajifanya wanatafuta mafaili.

Mlango umefunguliwa. Ametoka peke yake, hana miwani, mkono unapapasa ukuta. Hajui kama niko hapa. Watu wote wanatazama. Nikimwita atageuka, nikimshika mkono ndiyo basi, wataelewa wote — naiweka kalamu chini, nanyanyuka.