Shimo Ambalo Halikuwepo

Mwiki, Ruiru
9 Februari 1998

Kwa Baba mpendwa,

Habari ya huko nyumbani? Mimi ni mzima, ila vumbi la Mwiki limenipa kikohozi. Goti lako likoje? Na Mama, bado mandazi yake yanaisha kabla jua halijatoka?

Uliniuliza siku hizi nafanya nini hasa. Ofisi ya Bwana Kang'ethe imenunua kompyuta ya kuchorea majumba, na mimi ndiye nilipelekwa kujifunza. Si mistari tu kama ya penseli, Baba. Unaijenga nyumba yote mle ndani, ukuta kwa ukuta. Ikiwa ni nyumba ya kurekebishwa, kila kitu unakipa wakati wake: hiki kilikuwepo, hiki kitabomolewa, hiki ni kipya. Halafu yenyewe inatoa karatasi za kila hatua, na fundi anajua aanzie wapi.

Sasa nina plani ya ile ghorofa moja karibu na soko la Thika, ile washonaji wako chini. Mwenye nyumba anataka juu pawe chuo, ngazi ipite ndani, kwa hivyo slabu, ile sakafu ya zege ya juu, itobolewe. Nililiweka shimo kama kitu kipya. Kang'ethe akaja nyuma yangu akasema, "Weka kama lilikuwepo." Nikaweka. Mara moja karatasi ya kubomoa ikatoka tupu, kama vile nyumba ilizaliwa na shimo. Sikuelewa sababu, lakini yeye ndiye mkubwa.

Binti yako,
Mwanamisi


Majengo, Thika
26 Februari 1998

Mwanangu Mwanamisi,

Barua imefika na tumefurahi. Goti linauma nikipanda, nikishuka linanyamaza. Mama yako anasema uchemshe tangawizi, usinunue dawa ya dukani.

Hiyo nyumba unayoisema, nimeitwa kazi hapo. Kontrakta ni mtu mmoja anaitwa Mukonyo. Alinipa plani akaniambia nisawazishe kingo za shimo, nianze ngazi. Nikapanda na futi yangu ya kupimia. Hakuna shimo. Nikagonga sakafu na nyundo kutoka ukuta hadi ukuta, yote imejaa. Nikashuka kwa washonaji nikaangalia dari. Pale plani inaonyesha shimo, bimu, ule mhimili wa zege, inapita katikati.

Hiyo bimu naijua. Nilifunga vyuma vyake mwaka wa sabini na nne, mimi na fundi mwenzangu, marehemu Kaleli. Ndiyo imebeba nusu ya sakafu, na juu yake kuna ukuta wenye tangi la maji. Ukiikata, unawaangushia nyumba watu walio chini, na kuna wanawake kumi na wanne na cherehani zao.

Nilimwambia Mukonyo. Akajibu, "Mzee, plani imepitishwa. Karatasi ikisema kuna shimo, kazi yako ni kulipata."

Nimeona jina lako kwenye kona ya karatasi. Sikuulizi kama baba, nakuuliza kama fundi. Kabla ya kuchora, ulifika pale?

Baba yako,
Sele


Mwiki, Ruiru
4 Machi 1998

Baba,

Nakusalimu, na sitaanza na kikohozi.

Sikufika. Nilipewa vipimo nikavichora nikiwa nimekaa kwa kiti. Nilipoambiwa nibadilishe wakati wa shimo, nilibadilisha. Hilo ni langu, sina wa kumsukumia.

Jumatatu nilimpelekea Kang'ethe barua yako. Akaisoma yote, akaikunja vizuri. "Mwanamisi," akasema, "shimo la zamani halina maswali. Shimo jipya, watu wa kaunsili ya mji wanataka hesabu za injinia, na injinia atasema ngazi iende kwingine. Mwenye nyumba hana huo muda."

"Na bimu?"

"Baba yako ana miaka mingapi? Anaweza kukumbuka bimu ya sabini na nne?"

Nilirudi kwa kompyuta. Slabu nikaiacha ya zamani. Shimo nikalifanya jipya. Bimu, ambayo sikuwa nimeichora kabisa, nikaiweka pale ulipoiona. Karatasi ya kubomoa ikatoka, na safari hii ilikuwa na bimu nzima imepigwa alama ya kukatwa. Mtoto angeona. Nikachapisha tatu. Moja nikaiweka kwa meza ya Kang'ethe, moja nikampelekea injinia wa kaunsili mkononi, anaitwa Wilkister. Ya tatu ndiyo hii.

Niliporudi ofisini kutoka kaunsili, nilikuta meza yangu imefunikwa, na kiti kimetolewa. Sikulia, Baba. Nilichukua sweta yangu na kikombe nikatoka.

Binti yako,
Mwanamisi


Majengo, Thika
14 Machi 1998

Mwanangu,

Sisi wazima. Mama yako amekasirika, lakini si kwako.

Karatasi yako ilifika Jumanne, na siku hiyo hiyo Mukonyo alileta fundi mwingine na nyundo kubwa, maana mimi nilikuwa nimekataa. Nikapanda na hili goti. Nikatandaza plani yako sakafuni pale wanataka kutoboa, nikaikalia.

Mukonyo akasema, "Mzee, toka."

Nikamwambia, "Nilijenga hii. Anza na mimi."

Akacheka, akamwambia fundi aendelee. Yule fundi akanitazama, akaweka nyundo chini akauliza, "Kwani kuna nini hapa?" Nikamwonyesha bimu kwenye karatasi. Chini nasikia cherehani zinanyamaza moja baada ya nyingine. Waithira, mkubwa wa washonaji, akapanda na wenzake wote. Akaniambia, "Sogea, Baba Mwanamisi, nafasi ni kubwa." Wakaketi, wengine na nguo mkononi wakipinda pindo.

Tulikaa hivyo siku mbili. Mukonyo akatuletea askari. Waithira akamwambia huyo askari aketi pia aone kama ni salama. Siku ya tatu Injinia Wilkister alikuja, akashuka chini, akatazama dari, akapanda, akaamuru kazi isimame.

Ngazi itajengwa nje, ukutani. Mimi sitaijenga. Mukonyo amewaambia makontrakta wenzake mimi ni mzee wa matata, na wawili wameshapita hapa bila kunisalimia. Wapite.

Baba yako,
Sele


Mwiki, Ruiru
21 Aprili 1998

Baba na Mama,

Asanteni kwa nyama ya Idi, ilifika ikiwa nzuri. Samahani kwa kukaa kimya. Nilitaka kwanza niwe na la kusema.

Wiki iliyopita Kang'ethe aliniita. Hakuna mwingine anayeijua ile kompyuta. Alikuwa amenichapia barua tayari: eti shimo lilikuwa kosa langu la kujifunza, ofisi haikujua. Nikitia sahihi, narudi kesho yake. Akanipa kalamu.

Nilikuwa sina kazi wiki ya sita. Niliisoma mara mbili. Halafu nikaandika chini yake: "Nilichora kitu ambacho sikukiona, na hilo ni kosa langu. Kusema kilikuwepo ni kosa lako." Nikatia sahihi, nikamrudishia.

Akasema, "Hakuna ofisi Ruiru itakuchukua na hii."

Nikamwomba kopi. Hakutaka kunipa, kwa hivyo nimeiandika upya kwa mkono. Kesho naenda kuomba kazi ofisi ya kwanza, ile ya ghorofani karibu na stesheni. Wakiniuliza kwa nini nilitoka kwa Kang'ethe, nitawapa waisome.

Mtoto wenu,
Mwanamisi