Urukususu Wako Bado Uko Ardhini

Mwanangu Maduhu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimeitikia kabisa, maana nikingoja hiyo shikamoo yako nitaota mvi mpaka kwenye kope.

Barua hii naiandika wazi kwa sababu sijui niipeleke wapi. Simu yako haipatikani. Machimbo yenyewe yanahama, leo mko huku, kesho mmesikia dhahabu imetoka kule, wote mnabeba magodoro. Kwa hiyo yeyote atakayeisoma huko Geita, hata kama ni mama ntilie anayewapikia, naomba amtafute kijana mrefu mwenye kovu kwenye nyusi, amsomee. Amwambie imetoka kwa mama yake wa Shinyanga, na kwamba mama hajakasirika. Amekasirika kidogo tu.

Urukususu umekomaa, mwanangu. Ndiyo habari yenyewe.

Unakumbuka Jumamosi za baba yako? Akitoka kwenye kiwanda cha pamba alipitia sokoni kwa yule mzee wa viungo, akanunua vijiti vya urukususu vilivyofungwa kwa uzi. Asiyeujua atasema ni mzizi mkavu tu, wa kuwashia moto. Lakini ukiutafuna, utamu unakuja taratibu, unakaa kooni mpaka ugali wa jioni unaukuta. Baba yako vumbi la pamba lilimkaa kifuani, yeye alitafuna kwa ajili ya kikohozi. Wewe na mdogo wako Kabula mlitafuna kwa ulafi. Mlikuwa mnapokezana kijiti kimoja, na Kabula kila siku analia kwamba upande wake umeshalowa mate yako. Ulikwenda nao hata shuleni, umeubana kwenye meno. Mwalimu akakuuliza kwa nini unapiga mswaki darasani, ukamjibu bila aibu, "Mwalimu, ni dawa." Ukakohoa na kikohozi cha uongo juu yake. We mtoto!

Halafu ile siku ulipoamua kuupanda. Ulichukua kijiti umeshakitafuna hadi kimekuwa nyuzi, ukakichomeka nyuma ya nyumba, karibu na wigo wa minyaa, ukaanza kukimwagilia kila asubuhi. Mimi nilitaka kukwambia ukweli. Baba yako akanikataza kwa jicho. "Mwagilia tu, baba," akakwambia. Kumbe mwenzangu alikwenda kwa siri akafukia punje za kunde palepale kwenye kijiti chako. Zilipochipua ulikimbia mtaa mzima, "Umeota! Umeota!" Mpaka majirani wakaja kuangalia. Ukautunza, ukaujengea uzio wa vijiti, kuku akisogea unamrushia kandambili. Siku ulipoona maganda yananing'inia ulikuja jikoni umenywea, ukaniambia polepole, "Mama, urukususu umezaa kunde." Baba yako alicheka hadi kikohozi kikamshika, akacheka tena. Nawe ulipoambiwa hukukasirika. Ulikaa, ukala kunde zako, ukasema hazina utamu ila si mbaya.

Nakumbuka kicheko kile kuliko ninavyokumbuka mazishi yake.

Baba yako alipoondoka, wewe ukajivika mabega yake. Hujaota hata ndevu za maana, unaniambia, "Mama, sasa mimi ndiye mwanaume wa hii nyumba." Ukachukua begi. Pale kituo cha basi nilikushika mkono, nikakuuliza utarudi lini. Ukasema, "Sirudi mikono mitupu." Nililiona neno la kishujaa, nikajisikia fahari hata. Jamani, ningejua ningekuziba mdomo palepale.

Tangu uondoke sijaacha kuuza nyanya na vitunguu. Nakuambia kitu ambacho sijamwambia hata Kabula. Pale sokoni kutwa nzima naitwa kwa jina lako. "Mama Maduhu, nyanya bei gani?" "Mama Maduhu, niongeze kidogo." Naitika, nacheka nao, napunguza bei. Kuna siku nasikia jina linaitwa nageuka upesi, nadhani wamekuona wewe unakuja. Kumbe wanataka vitunguu.

Sasa huu urukususu nimeupata wapi? Nilikwenda Ushirombo kwenye komunio ya kwanza ya mtoto wa mama yako mdogo. Nyuma ya misheni kuna sista ana bustani ya dawa, nikaona mmea siujui, majani yamepangana huku na huku kama ya mkwaju, ila makubwa kidogo. Akachimbua kipande cha mzizi, akakifuta kwa aproni, akaniambia nitafune. Maduhu, nilisimama pale bustanini nikalia. Sista wa watu akadhani nimeng'ata mdudu. Nilipomweleza habari ya kijiti chako na kunde, akanikatia kipande kingine kibichi chenye macho, akakifunga kwenye kitambaa chenye maji. Akanionya, "Ukitaka kula upesi panda viazi. Huu una miaka yake." Nikamwambia wabeja, asante, kusubiri ndiyo kazi niliyobaki nayo.

Nikaupanda palepale pako, karibu na minyaa. Udongo wetu ule wa kichanga uliupenda. Ukashika, ukapanda juu. Kiangazi kilipofika majani yakapukutika yote, likabaki bua kavu. Kabula akasema umekufa, tung'oe tupande bamia. Nilimfokea, maskini, hata yeye alishangaa. Nikaacha hivyohivyo. Mvua za kwanza zikaja na wenyewe ukaja, tena umetokeza mpaka upande wa pili, kwa jirani, chini ya wigo. Kila mwaka ulifanya hivyo, na kila mwaka mimi niliogopa upya.

Juzi akaja sokoni kijana mliyesoma naye. Amesema amekuona, unasaga mawe kwenye karasha, vumbi limekujaa, umekonda, na unakohoa. Alikuambia twende nyumbani, ukamjibu, "Nitaendaje mikono mitupu?" Niliweka mizani chini. Sikuuza tena siku ile.

Nani kakuambia nilikuomba dhahabu? Niseme wazi ili wenzako nao wasikie, maana najua hupo peke yako huko: sikumbuki siku niliyomzaa Maduhu kama alikuja ameshika kitu. Nilimpokea. Unakohoa kama baba yako na mimi nimekaa hapa nangojea gari likulete! Naogopa, mwanangu. Naogopa nitaitwa siku moja nije kukuchukua, badala ya wewe kuja mwenyewe. Ukifika tunakwenda hospitali kwanza, usinidanganye kwamba mzizi utatosha, baba yako tulimdanganya hivyohivyo.

Jana mimi na Kabula tulichukua jembe tukachimba. Kazi yake si ya mchezo, unakwenda chini, unakwenda chini, jasho linatoka. Sijui nyinyi mnawezaje huko kwenye maduara, hayo mashimo yenu. Tukautoa mzizi mrefu kama mkono, tukaukata. Ndani ni njano, Maduhu. Kabula akautafuna, akafumba macho, halafu akanyoosha mkono kunipa, kisha akaurudisha akafuta mate yake kwanza.

Alitaka tuchimbe wote. Nilimzuia. Upande wa minyaa, pale kilipokuwa kijiti chako, sijagusa. Nimeuwekea uzio wa vijiti, na kuku akisogea namrushia kandambili. Nusu ile ni yako na hakuna atakayeichimba ila wewe.

Kwa hiyo ng'wana wane, mwanangu, panda basi lolote. Usinunue kitu njiani, usiniletee hata khanga. Njoo na hiyo mikono mitupu, ndiyo utakayochimbia.

Mimi hapa sokoni, ninayeitwa kwa jina lako,
Mama Maduhu