Profesa Anauliza Mimi Nilifanya Nini

Jumatano, alasiri. Joto la leo halina adabu. Kibokoni nzima imefunga madirisha ya upande wa jua, na mimi nimekaa ghorofani mbele ya feni, moyo umenikaa vibaya.

Wiki iliyopita nilimwandikia profesa mmoja wa ng'ambo kumwomba anisimamie shahada ya uzamivu. Bila msimamizi, chuo hakipokei maombi, na mwisho wa kupokea ni Ijumaa hii. Nimeandikia maprofesa kumi na mmoja. Huyu ndiye wa kwanza kujibu.

Jibu lilikuja jana, mistari miwili. Amependa utafiti wetu wa Kibarani, pale palipokuwa jaa la taka, na hasa wazo la kupima kama sumu ya tope imeingia kwenye samaki. Lakini wewe mwenyewe, ameuliza, ulifanya nini?

Nikaisoma tena barua yangu. Yarabi! Nilimshukuru mwalimu wangu, nikawasifu wenzangu, nikamtaja mpaka mzee aliyetuazima koleo. Mimi nilijiweka mwishoni kabisa: nami nilisaidia kidogo. Kidogo! Miezi minane tope likinifika magotini, halafu maabara mpaka macho mekundu.

Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu mtu akisifiwa biriani yake husema leo haikutoka vizuri. Nitaanzaje kujipigia debe kwa mtu hata sura yake siijui?

Leo baada ya adhuhuri nikateremka kwa Baba. Anasomesha madrasa, na nilijua atanikemea. Alikuwa barazani na kahawa yake, nikamsimulia yote.

"Kusema ulofanya si kujisifu, mwanangu," akasema. "Bora liwe kweli."

Nikapanda ngazi mbio, nikaandika. Nilichimba. Nilipima. Nilichora ramani ya ufuo mzima. Raha iliyoniingia sikuitarajia, kama mtu aliyeonja halua akashindwa kufunika sahani. Nikaandika kwamba wazo la kuwapima samaki nililibuni mimi. Nikatuma kabla haya haijanirudia.

Si mimi niliyelibuni.

Ni Zuhura, niliyesoma naye. Tulikuwa wawili kwenye tope asubuhi ile. Akainama kwenye kidimbwi, akauliza, "Na samaki hawa, si twawala sisi?" Basi, utafiti wote ukageukia hapo. Zuhura sasa anafundisha kemia katika shule moja ya Tononoka, na yeye pia anatafuta msimamizi.

Saa kumi amenipigia simu. "Ushajibiwa, dada? Mimi nakuombea kila sala."

Nikasema alhamdulillahi, nikasingizia mtandao mbovu, nikakata. Nimelia kidogo. Nina hasira na nafsi yangu, na nina hasira na profesa pia, ingawa yeye kauliza swali la haki kabisa.

Kesho nikishasali alfajiri nitamwandikia tena. Nitamwambia wazo la samaki ni la Zuhura, na nitamwekea anwani yake. Naogopa. Huenda akaniona mwongo akanifungia mlango, na Ijumaa ikapita hivi hivi.

Au huenda akamchukua yeye.

Akija hapa kunipa habari, mikono imemjaa halua ya furaha yake na macho yamemjaa machozi, nitaweza kumkumbatia kwa moyo mmoja?